Kuangaliana chuoni: maswali tunayoulizwa mara kwa mara na wanafunzi wa Unguja na Pemba

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wenyewe. Mengine huja mwezi wa kwanza wa muhula, mengine usiku wa kuamkia mtihani, na mengine husemwa mlangoni kwa sauti ndogo, mtu ameshika kitasa tayari kuondoka. Tumeyajibu kama tunavyoyajibu ana kwa ana.

Chuo kina mshauri wake. Kwa nini mimi nibebe kazi ya kumuangalia mwenzangu?

Kwa sababu mshauri yuko ofisini mchana, na wewe uko chumbani usiku. Wewe ndiye unayeona kitanda cha pili hakikulaliwa. Wewe ndiye unayejua kwamba mwenzako hajatia kitu mdomoni tokea jana adhuhuri. Hatukuombi uwe daktari. Tunakuomba uone mapema, uulize, kisha umfikishe kwa mwenye uwezo wa kumsaidia. Umfikishe kwa miguu yako, mkifuatana. Kumpa namba ya simu na kumwambia "nenda kaonane nao" hakutoshi, maana mtu aliyelemewa ndiye hasa asiyekuwa na nguvu ya kupiga simu. Hilo la kufuatana naye tutalirudia hapa chini, kwa kuwa ndilo linaloachwa mara nyingi.

Kuna sababu nyengine. Maradhi mengi ya akili huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 25, yaani katika umri huu huu wa chuo. Na vyuo vikuu vyetu bado ni vichanga: Chuo Kikuu cha Zanzibar kule Tunguu kimeanza 1998, na sheria iliyoanzisha SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ni ya 1999. Wengi wetu ni wa mwanzo katika nyumba zetu kukaa darasa la chuo kikuu. Mama anaijua njaa, anaijua homa, analijua deni, lakini hajui sapu, yaani mtihani wa marudio, ni kitu gani, wala haelewi vipi mtoto aliyekuwa wa kwanza skulini kwao Wete leo anapata D. Anayeelewa ni wewe uliyekaa naye benchi moja.

Nitajuaje kama mwenzangu hayuko sawa au amechoka tu?

Mlinganishe na yeye mwenyewe. Yuko mtu mkimya kwa maumbile yake, na ukimya wake hauna neno. Lakini aliyekuwa akiwaamsha wenzake kwa sala ya alfajiri, sasa haamki. Aliyekuwa hatoki bila ya kupiga pasi, sasa anavaa nguo ya jana. Msichana aliyekuwa akijaza chumba kwa gumzo, sasa anajifunika shuka saa kumi za jioni na kujifanya amelala. Hizo ni dalili. Amejitoa kwenye kundi la darasa bila ya kuaga, hapokei simu za nyumbani, anagawa vitu vyake, anasema maneno kama "mimi hapa sina faida". Hizo ni kubwa zaidi.

Mara nyingi huku kwetu dhiki ya moyo huanza kusemwa kwa mwili. Mtu hatakwambia ana huzuni. Atasema kichwa hakimwachi, tumbo linamuunguza, moyo unakwenda mbio, usingizi umempotea. Akapime, kwa sababu huenda kweli ana vidonda vya tumbo au damu imepungua. Lakini kama vipimo vimerudi salama na hali haijabadilika, usimwambie anajifanya. Uchovu wa kawaida huondoka mtu akilala vizuri siku mbili tatu. Huzuni, kukata tamaa au kukosa hamu ya kila kitu kukidumu kiasi cha wiki mbili, karibu kila siku, hapo pana jambo la kumpeleka kwa mtaalamu.

Nianzeje mazungumzo?

Mkiwa wawili, na si mbele ya watu. Sisi tumelelewa kujibu "Alhamdulillah" hata nyumba ikiwaka moto, kwa hiyo swali la kwanza la hali halikwambii kitu. Uliza mara ya pili, na useme ulichokiona: "Naona siku hizi huji kula na sisi, na jana umelia. Kuna nini, mwenzangu?" Kisha nyamaza. Ukimya wa dakika nzima unatisha, lakini uvumilie, kwani mara nyingi neno lenyewe hutoka baada yake.

Vijana wa kiume hawafunguki wakikalishwa uso kwa uso. Mchukue mkatembee, au mkae maskani baada ya wengine kuondoka, macho yote mawili yakiangalia njia. Huko husema.

Yapo maneno yanayofunga mdomo papo hapo. "Wenzio hawana hata ada" ni moja. "Huna imani wewe" ni jengine, na hilo huumiza zaidi kwa sababu pengine ameshakesha akisali na kuomba. Usikimbilie kutoa nasaha. Kwanza sikiliza mpaka mwisho, kisha muulize: "Unataka nikusaidie nini leo?" Leo tu. Maisha yake yote huyawezi.

Ameniapisha nisimwambie mtu. Nifanye nini?

Swali hili ndilo linalowatesa wanafunzi kuliko mengine yote, na tunalifahamu vizuri. Tumefundishwa kumsitiri mwenzetu, na ni mafundisho mema. Aliyekwambia kuhusu talaka ya wazazi wake, deni lake, au mchumba aliyemwacha, siri hiyo ni amana. Usiipeleke hata kwa rafiki yako wa karibu, na usiigeuze kuwa "niombeeni dua kwa mwenzangu fulani" kwenye kundi la WhatsApp. Tumeona watu wakivunjika kwa dua za namna hiyo.

Lakini kuna siri tatu ambazo hutakiwi kubaki nazo peke yako: mtu anataka kujiua au kujidhuru, mtu anadhulumiwa mwili wake, au mtu anaweza kumdhuru mwengine. Hapo kunyamaza hakumsitiri tena. Mwambie yeye mwenyewe kabla ya kumwambia mwengine: "Hili ni zito kwangu na kwako. Sitalitangaza, lakini lazima tumwambie mtu mmoja mkubwa. Chagua wewe, tumwendee matroni, mlezi wa wanafunzi au dada yako?" Ukimpa nafasi ya kuchagua, hatoona kama umemsaliti. Na hata akikasirika, mwache akasirike. Hasira zitapoa naye yuko hai.

Tungeshauri jengine la mapema: usiape kabla ya kusikia. Mtu akianza na "niapie kwanza", mjibu, "Siri yako nitaihifadhi, isipokuwa kama maisha yako yamo hatarini."

Amesema amechoka na kuishi. Nikimuuliza wazi, si nitamtia wazo hilo?

Hapana. Utafiti wa nchi nyingi umeonesha kwamba kuuliza hakumsukumi mtu kujiua, na Shirika la Afya Duniani linahimiza kuuliza waziwazi. Mara nyingi mtu hupumua: mwisho amepatikana wa kuuliza. Shirika hilo linakisia kwamba zaidi ya watu 720,000 duniani hufa kila mwaka kwa kujiua, na kwa walio kati ya miaka 15 na 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Huku kwetu jambo hili hufunikwa na hofu ya dhambi na aibu ya ukoo, na hofu hiyo humfanya mgonjwa azidi kujificha. Kwa hiyo uliza bila ya kuzunguka: "Ukisema umechoka kuishi, unafikiria kujiua?"

Akisema ndiyo, usimuache peke yake hata dakika kumi. Usimhutubie kuhusu moto wa Jahannamu. Muulize kama ameshapanga namna, na kama kuna dawa au kitu chochote chumbani cha kujidhuru nacho, kiondolewe. Mwite matroni au patroni, hata ikiwa saa tisa za usiku. Kisha hospitali. Kwa Unguja, Mnazi Mmoja ina idara ya dharura usiku na mchana. Kwa Pemba, nendeni Chake Chake, Wete, au Abdalla Mzee pale Mkoani, ile iliyo karibu. Gari ikikosekana na hali ni mbaya, pigeni 112. Wawili wafuatane naye: mmoja wa kukaa pembeni yake, mwengine wa kusema na wauguzi. Asubuhi yake muhakikishe kuna mtu mzima wa nyumbani anayejua.

Nikienda Kidongo Chekundu, si nitaitwa mwendawazimu?

Wapo watakaosema, hatuwezi kukudanganya. Jina la hospitali ile ya maradhi ya akili limekuwa tusi mitaani tokea tukiwa watoto, na tusi hilo limewazuia watu wengi kupata matibabu. Sisi tunawaomba wanafunzi wasilitumie hata kwa mzaha. Katika kila darasa yumo aliyewahi kwenda pale, au mama yake, au ndugu yake, naye hucheka na nyinyi huku anaumia.

Kwenda kliniki ya afya ya akili si kulazwa. Wengi huingia, huzungumza na daktari au muuguzi, hupewa dawa au miadi, na adhuhuri wamesharudi darasani. Dawa za sonona, yaani huzuni iliyogeuka maradhi, si za kulevya, na hazifanyi kazi siku ya kwanza. Huchukua wiki mbili hadi nne mtu kuanza kuona tofauti, na katika wiki hizo ndipo wengi huziacha wakisema hazifai. Kama mwenzako ameanza, mkumbushe. Na akipata nafuu, asizikate mwenyewe bila ya daktari. Ukiona haya kwenda pale moja kwa moja, anzia kituo cha afya cha karibu au zahanati ya chuo, nao watakuandikia barua ya rufaa.

Dahaliani kwetu mtu akianguka na kupiga kelele, wanasema ana mashetani. Tumpeleke kwa shehe au hospitali?

Hatutaki kugombana na imani ya mtu. Wazanzibari wengi wanaamini majini yapo, na kisomo cha Kurani kinamtuliza mgonjwa na waliomzunguka. Asomewe. Lakini apimwe vilevile, na apimwe mwanzo. Homa kali huchanganya akili. Sukari ikishuka kwa aliyeshinda njaa, mtu huweweseka. Malaria kwetu imepungua sana, maambukizi ni chini ya asilimia moja, na ndiyo maana tunaisahau. Aliyerudi kutoka bara karibuni akipata homa na kuanza kusema maneno yasiyoeleweka, apimwe malaria siku hiyo hiyo. Na mara nyingine ni mwili uliobeba mitihani, njaa na mambo ya nyumbani mpaka ukashindwa. Ndiyo maana vishindo hivi huzidi wiki za mitihani, na msichana mmoja akianguka hufuata wa pili na wa tatu.

Kwa hiyo, mwanzo, ondoeni watu. Hadhara ya watu arubaini wenye simu za kurikodi haimtibu mtu. Mpelekeni aliyeanguka chumba chenye hewa, mlegezeeni nguo na mtandio, abaki na wawili anaowaamini. Wengine wahamishwe mbali naye, wapewe maji na wazungumze mambo mengine. Kisomo kisiwe na kupiga, kukaba wala kufukiza moshi mpaka mtu akose pumzi. Shehe mwenye elimu yake hatokataa mgonjwa kupelekwa hospitali. Anayekataa, tafuteni mwengine. Na anayerusha video ya mwenzake katika hali ile amemdhulumu, haidhuru alikuwa na nia gani.

Na kifafa?

Mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, ondoa vitu vigumu, angalia saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimkamate kwa nguvu, usimpe maji mpaka azinduke kabisa. Degedege likipita dakika tano, likirudi kabla hajazinduka, au kama ni mara yake ya kwanza, ni hospitali. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kugusana. Tunayasema haya kwa sababu mpaka leo kuna watu wanakimbia.

Mwenzetu anakaa kwa ami yake mjini na hana muda wa kusoma. Tutamsaidiaje?

Mtoto anatoka Pemba, anapanda boti Mkoani na begi lake, na wazazi wameshapanga: dahalia ya nini wakati ami yake yupo? Ni wema mkubwa, na familia nyingi zisingeweza kusomesha bila ya wema huo. Lakini wakati mwengine, msichana hasa, huamka kabla ya wote, akapika chai, akawavika watoto skuli, ndipo akimbilie daladala ya Tunguu. Akirudi magharibi jiko linamngoja. Saa nne za usiku anafungua daftari na macho hayaoni. Hawezi kulalamika, kwa sababu anakula na kulala bure, na kulalamika kwake kutafika Pemba kwa sura nyengine kabisa.

Usimshauri agombane. Mara nyingi wenye nyumba hawajui chuo kinataka nini. Wanadhani ukitoka kwenye kipindi umemaliza. Ratiba ya mitihani ikitoka, achapishe na kumpelekea ami yake kwa heshima: "Ami, hizi wiki tatu naomba nibaki maktaba mpaka saa mbili." Karatasi yenye muhuri wa chuo husikilizwa kuliko maneno ya mtoto. Nyinyi wenzake mnaweza kumwekea saa mbili za kusoma pamoja mchana palepale chuoni, kabla hajarudi nyumbani, na kumhifadhia notisi. Ikiwa kuna mtu ndani ya nyumba ile anayemgusa au kumwingilia usiku, hilo si suala la ratiba tena. Soma jibu la aliyebakwa hapa chini, na aondoke nyumba ile haraka.

Tunajua fulani hana pesa ya kula. Tumsaidieje bila ya kumuaibisha?

Pikeni pamoja. Hii ndiyo njia yetu tokea zamani na haina mfano: sinia moja, watu watano, hakuna anayehesabu nani alileta mchele na nani alileta mikono mitupu. Mwenye shida apewe kazi ya kukuna nazi au kwenda sokoni, aone naye ameshiriki. Kumpa noti mbele za watu, au kumpigia mchango wenye jina lake kundini, kunamfanya aache kuja.

Fedha za mkopo zikichelewa mwanzo wa mwaka, huchelewa kwa wengi kwa wakati mmoja, kwa hiyo fuatilieni kwa pamoja kupitia serikali ya wanafunzi, kwenye Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar. Mara nyingi kilichokwamisha ni jina lililoandikwa tofauti kwenye akaunti ya benki. Upatu ni mzuri kwa mwenye kipato. Msimuingize mtu ambaye tayari anakopa nauli.

Nimekopa kwenye simu na sasa wananitisha.

Umo pamoja na wengi. Programu nyingi za namna hii huchukua orodha ya watu wote waliomo kwenye simu yako, na ukichelewa huwatumia ujumbe kwamba wewe ni mwizi. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni, kwa hiyo angalia kwanza kama waliokukopesha wanaruhusiwa. Usikope pengine ili uwalipe hawa. Hifadhi ujumbe wote wa vitisho. Na wahi kumwambia mtu mmoja wa nyumbani kabla hawajamwambia wao. Neno likitoka kwako, mama atakasirika na kisha atakusaidia.

Nimetoka bara, sina mtu hapa, na Ramadhani inakuja. Nitaishije?

Karibu. Mchana wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa na kula hadharani hakukubaliki, kunaweza hata kukuletea matatizo. Usiyeufunga mwezi, nunua mahitaji yako jioni, ule chumbani mwako mlango ukiwa umefungwa, na hakuna atakayekusumbua. Jua likizama mambo hugeuka: ukipita mahali pana futari utaitwa, na wanaokuita hawakuiti kwa adabu tu. Kaa, ule muhogo na samaki, utapata marafiki wa miaka.

Kwa sisi wenyeji: mgeni ambaye hajawahi kukaa mbali na kwao anaweza kushinda wiki nzima bila ya kusemeshwa ila "mambo" ya njiani. Mchukue sokoni, muoneshe daladala zinaposimama, na siku ya Sikukuu usimwache dahaliani peke yake na milango yote imefungwa. Siku hiyo ndiyo nzito kuliko zote kwake.

Mhadhiri ananitaka ndiyo nifaulu. Au: mtu ananitishia kusambaza picha zangu.

La kwanza ni rushwa ya ngono, na ni kosa la jinai. Usiende ofisini kwake peke yako, hifadhi kila ujumbe, andika tarehe na maneno aliyoyasema. Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Kuhujumu Uchumi Zanzibar hupokea malalamiko hayo, na huhitaji ruhusa ya chuo kufika kwao.

La pili, usilipe. Anayelipwa mara moja hurudi. Piga picha ya mazungumzo kabla hujamzuia, kisha nenda dawati la jinsia polisi ukiwa na mtu unayemwamini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamgusa huyo anayetisha. Na nyinyi wenzake mwenye picha mliozipata, zifuteni. Hatuna maneno mengine laini ya kusema hapo.

Mwenzangu amebakwa. Saa hizi nifanye nini?

Mwamini. Usimuulize alivaa nini wala alikwenda kufanya nini. Kabla ya kuoga, kama ataweza, mfuatane Kituo cha Mkono kwa Mkono. Kipo Mnazi Mmoja na kipo Chake Chake, na huko hupata daktari, ushauri na polisi mahali pamoja. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi, kwa hiyo usingoje asubuhi wala kikao cha wazee. Dawa ya kuzuia mimba nayo inawezekana ndani ya siku tano. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au kitambaa, si wa plastiki. Kama ameshaoga, aende tu, bado anahitaji matibabu. Akiwa chini ya miaka 18, simu 116 ni ya bure.

Zanzibar sasa ina mahakama maalumu ya makosa ya udhalilishaji, na Jumuiya ya Wanasheria Wanawake, ZAFELA, hutoa msaada wa sheria. Lakini kesi ni baadaye. Usiku ule ni mwili wake na nafsi yake. Familia zikianza kuzungumza kumuozesha kwa aliyemtenda ili mambo yaishe, simama upande wake.

Kuna anayetumia unga chumbani kwetu. Tumripoti afukuzwe?

Kufukuzwa peke yake humrudisha kwenye maskani ile ile aliyoanzia. Semeni na mlezi wa wanafunzi kwa lengo la matibabu. Zanzibar ina soba hauzi, nyumba za kuwasaidia wanaoacha dawa za kulevya, tokea 2009, na kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, ipo Kidongo Chekundu tokea 2015. Watu wanarudi, tunawajua walioshika kazi na kuoa. Ila ukimkuta amelala hazinduki, anapumua polepole au anakoroma kwa namna ya kutisha, mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Mwambie daktari kweli yote, hata kama unaogopa.

Mwenzetu amedisko, yaani ameondolewa chuo kwa kufeli, na kila asubuhi bado anaaga nyumbani kwamba anakwenda chuo.

Hutokea kila mwaka, na ni hali ya hatari kwa sababu uongo unakua kila siku na siku ya kufichuka inamtisha kuliko kufeli kwenyewe. Mtafuteni. Hukaa pwani, maktabani, au kwa rafiki. Kwanza muone kama rufaa ya matokeo bado ina muda. Kisha msaidieni kutafuta mtu wa kati: shangazi, au mwalimu wake wa zamani, mtu ambaye baba hatompandishia sauti. Mtu huyo aende kwanza, kijana afuate baada yake. Na aende na jambo mkononi, kwa mfano fomu ya diploma, au nafasi kwenye vituo vya mafunzo ya amali kama Mkokotoni au Vitongoji. Mzazi humeza habari mbaya kirahisi akiona kuna njia mbele.

Mimi ninayewasaidia wenzangu nimechoka.

Pumzika, na usione aibu. Gawaneni: leo wewe, kesho mwengine. Ukiwa na wewe hulali kwa ajili ya mambo yake, mwambie mshauri, huo ni mzigo wako na unastahili msaada wako mwenyewe.

Amerudi baada ya kukosa muhula mzima kwa maradhi ya akili. Tumpokee vipi?

Kama mngempokea aliyevunjika mguu. Mwekee nafasi yake ya kukaa. Usimfanyie sherehe, usimuulize mbele ya watu "ilikuwaje", na usimtazame kila anaponyamaza kama anataka kuanguka tena. Anayetaka kusimulia atasimulia. Mfahamishe mabadiliko ya darasa, nani anafundisha nini, kazi gani ya kikundi imeanza, na umtie kwenye kikundi chako kabla hajabaki bila ya kikundi.

Kuhusu mitihani aliyoikosa, aandike barua kwa mkuu wa skuli yake ya hapo chuoni, yaani kitivo, akiambatanisha cheti cha daktari. Cheti hakilazimiki kutaja maradhi, inatosha kionyeshe tarehe alizokuwa chini ya matibabu. Abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na afuatilie jina lake kwenye usajili kabla dirisha halijafungwa. Foleni ya usajili ni ndefu na yeye bado hana nguvu, kwa hiyo mmoja wenu asimame naye.